Kabichi, wiki ya tano

Konda hupiga simu Jumamosi kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hana muda wa salamu. "Mzigo umefika," anakata. Navaa kandambili, nakodi bajaji kutoka Kimara hadi Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, natafuta basi la Morogoro. Ndani ya buti, katikati ya mabegi na ndoo za watu, nayakuta matenga yetu mawili yamefunikwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba. Dereva wa bajaji ameshazoea. Siku hizi hatupatani nauli, anauliza tu, "Leo kuna karoti?" Huwa anachomoa moja, anaifuta kwenye suruali, anaitafuna mpaka Kimara.

Matenga yanatoka Nyandira, kule Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Kaya sita za mtaa wetu tulianza kumlipa mama mmoja mkulima mwanzo wa mwezi, kwa simu, elfu hamsini kila kaya. Yeye na mumewe wanatuletea kilichotoka shambani wiki hiyo. Hatuagizi. Huo ndio utaratibu wote, na ndio uliomfanya mke wangu aniangalie siku ile kama mtu aliyetapeliwa.

"Umelipia kabichi ambayo haijaota?"

Nikamwambia imeshaota.

"Umeiona?"

Sikuwa nimeiona.

Wazo lililetwa na mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa huko. Tulikuwa tunakunywa chai, yeye analalamikia lumbesa. Kama hujawahi kuiona, ni gunia linalojazwa mpaka limevimba, halafu juu linashonewa kilemba cha wavu nacho kinajazwa, na bado linahesabiwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, lakini kabichi zikiiva zote kwa pamoja na barabara ya kushukia ni moja, mwenye gari ndiye mwenye neno. Mama yake mdogo, alisema, angefurahi kupata watu wachache wa kulipa kabla, anunue mbegu na dawa bila kukopa kwa dalali, maana ukikopa kwa dalali bei ya kuvuna anaipanga yeye. Niliingiwa na huruma kidogo. Na tamaa pia, nisijifanye mtakatifu: gengeni kwetu wakati ule fungu la karoti nne lilikuwa limefika elfu moja.

Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu mboga ni kisamvu, tembele, mchicha na bamia, na safari ya zote inaishia kwenye tui. Tenga la kwanza, mwezi wa sita mwaka juzi, lilikuwa na kabichi, karoti zenye majani yake na udongo mweusi, njegere za maganda, koliflawa moja kwa kila kaya, seleri, na kitu kirefu kama kitunguu kilichosahau kufanya kichwa. Nikampigia mama mkulima kuuliza.

"Liki hiyo, baba. Watu wa mahoteli wanaipenda."

"Sasa naipikaje?"

"Mimi naipanda tu, siili."

Liki nitaimaliza hapa hapa kwa sababu haina mengi: ikate nyembamba, ioshe baada ya kuikata kwa kuwa mchanga unajificha katikati ya majani yake, kisha itumie popote ambapo ungeweka kitunguu. Inafaa sana kwenye supu ya viazi. Basi.

Kabichi ndiyo hadithi. Kabichi ya Nyandira ukiipakata ni kama mtoto wa miezi mitatu, imejifunga, na kisu kikiingia inapasuka yenyewe mbele ya kisu. Wiki ya kwanza tuliifurahia. Wiki ya pili tukaila. Wiki ya tatu binti yangu, wakati huo yuko darasa la nne, aliuliza kama kuna kosa tumefanya. Mimi nilikuwa naipika kama nilivyoila bwenini: vipande vinene, maji nusu sufuria, mfuniko, moto mpaka ilegee. Wote mliosoma bweni mnaijua ile harufu. Ni salfa iliyomo ndani ya kabichi, na kadiri unavyoichelewesha motoni ndivyo inavyozidi kutoka.

Wiki ya nne nikanoa kisu. Nikaikata nyembamba kama tambi. Sufuria pana, mafuta yapate moto hasa, kitunguu kianze kugeuka rangi, binzari nusu kijiko, pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua. Kabichi nikaiingiza kwa mikupuo miwili ili mafuta yasipoe, nageuza bila kufunika. Maji sikutia hata tone, inayo yake ya kutosha. Chumvi nikaiweka mwishoni, kwa sababu ikiingia mapema inayavuta yale maji yote nje na unarudi bwenini. Dakika nne, haikufika tano. Wiki ya tano nikarudia vilevile, ila kabla ya kuepua nikamwagia kikombe cha tui zito, nikazungusha mara mbili, nikazima gesi.

Mke wangu alikula kimya. Akajiongezea.

"Hii," akasema, "imeota."

Baada ya hapo nikaanza kujifunza foleni. Mboga za tenga moja hazina umri sawa, na kosa la mwezi wa kwanza lilikuwa kula karoti Jumamosi na kuziacha figiri mpaka Jumatano, zimekuwa njano. Sasa figiri na majani ya maboga yanaliwa siku hiyo hiyo au Jumapili. Njegere Jumamosi jioni, nitaeleza kwa nini. Koliflawa Jumatatu. Karoti, kabichi na viazi vinaweza kusubiri mpaka Ijumaa wala havinung'uniki, mradi majani ya karoti yakatwe mara tu zinapofika. Ukiyaacha yanaendelea kunyonya maji ya karoti, na siku ya tatu inakunjika kama mpira. Kingine ni kutoosha kabla ya wakati. Mama mmoja wa kaya yetu ya nne alikuwa anaosha tenga zima Jumamosi, usafi wake unajulikana mtaa mzima, na kila Jumanne alikuwa analalamika kwamba anapewa mboga zinazooza. Majani yanatakiwa yakae makavu ndani ya kitambaa, udongo wa karoti na viazi uachwe ulipo.

Njegere ni mashindano na saa. Zikishachumwa, sukari yake inaanza kugeuka wanga, na zile za dukani zilizokaa wiki zina ladha ya unga kwa sababu hiyo. Za kwetu zimechumwa Ijumaa jioni, kwa hiyo Jumamosi alasiri watoto wanakaa barazani na beseni. Kubambua njegere kuna ufundi wake: unabonyeza ncha yenye mkia, ganda linatoa mlio mdogo, halafu unapitisha kidole gumba ndani toka mwanzo hadi mwisho na punje zinaruka. Mwanangu wa mwisho anahesabu. Ganda la punje tisa linasherehekewa, ganda lenye punje kumi lilitokea mara moja tu na likawekwa juu ya friji mpaka likakauka. Beseni limejaa maganda, bakuli lina punje robo, na robo hiyo nayo inapungua kwa sababu wanazila mbichi. Sijawahi kuwakataza. Zinazobaki nazipika na viazi, karoti na nyanya moja, tui la pili wakati zinachemka na la kwanza mwishoni, na wali.

Mwezi wa kumi na moja alikuja mama mkwe kutoka Same. Alikuwa na kliniki mjini, akakaa kwetu wiki mbili. Mke wangu ni muuguzi, wiki ile alikuwa zamu ya usiku na mchana analala, kwa hiyo mpishi nilikuwa mimi. Ningekuwa nimejipanga vizuri, mama mkwe asingenikuta jikoni nimejifunga khanga ya mwanawe. Alinikuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akaiangalia khanga. Mimi nikaanza kutafuta chumvi, ambayo ilikuwa mkononi mwangu. "Unapika nini?"

Nilikuwa napika mnafu. Tenga la wiki ile lilikuwa na mafungu manne ya mnafu, na jaribio langu la Jumamosi lilikuwa chungu kiasi kwamba watoto walikula ugali kwa chai. Mama akachungulia sufuria, akakoroga mara moja, akatoa kipande cha shina kwa vidole.

"Umepika na kuni zake."

Akavuta kigoda, akaomba ungo. Alichambua mafungu yaliyobaki jani moja moja, na mashina yote, hata yale laini ambayo mimi ningeyaacha, akayaweka pembeni. Maji yakachemka kwanza, yakatiwa chumvi, ndipo majani yakaingia. Mimi nilikuwa nimeyaanzisha kwenye maji ya baridi. Yakakaa humo kama muda wa kusema sala ya Baba Yetu mara mbili, akayachuja, yale maji meusi akayamwaga. Kitunguu, nyanya moja, majani yakarudi sufuriani, halafu maziwa, kikombe kizima, moto mdogo, na akakaa pale kwenye kigoda nusu saa anageuza taratibu huku ananisimulia bei ya mahindi Same. Mwisho akatia karanga za kusaga vijiko viwili.

Nilionja. Uchungu ulikuwepo, lakini ulikuwa nyuma ya maziwa.

"Bado unauma kidogo, mama," nikasema.

"Uchungu wote ukiutaka utoke, basi kula mchicha."

Akaondoka na kilo mbili za karoti kwenye mkoba. Alipofika Same alimpigia mwanawe, si mimi, kumwambia kwamba khanga ile haikai vizuri kwa mwanaume mwenye kitambi.

Sasa niseme la mwezi wa nne, kwa sababu nikiandika mazuri tu nitakuwa nawadanganya wanaotaka kujaribu utaratibu huu mtaani kwao.

Masika ilishuka vibaya. Udongo uliporomoka ukafunga barabara ya kushuka kutoka Mgeta, basi halikupita. Jumamosi ya kwanza hakuna tenga. Tukasema ni mvua. Jumamosi ya pili hakuna tenga. Mmoja wetu akaandika kwenye kundi, "Hela zetu zirudishwe." Mwingine akaweka dole gumba. Mimi, niliyewaingiza wote, niliandika "naunga mkono" na kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma.

Ikaingia sauti ya mama. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hata maneno mengine hayasikiki. Alisema kabichi zinaoza zikiwa shambani, zinaanzia katikati. Njegere zimeshikwa na ukungu. Figiri imelala. Barabara ikifunguka ataleta kilichobaki, na tusimkasirikie. Sauti ilikuwa ya sekunde arobaini, na nusu yake ni mvua.

Nikafuta nilichoandika. Si kwamba moyo wangu ulibadilika ghafla, nilipiga hesabu. Wiki mbili ni elfu ishirini na tano kwa kaya. Mama yule wiki hizo mbili alikuwa amepoteza shamba. Na siku ya kwanza kabisa tulikubaliana, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba tunalipia msimu: likijaa tunagawana, likikosekana tunagawana. Hakuna aliyeyasikia maneno hayo vizuri kwa sababu ilikuwa mwezi wa sita na kabichi zilikuwa zimenona. Nikaandika hivyo kwenye kundi. Kaya moja ikatoka, na siilaumu, wana watoto watano na kipato chao ni cha siku kwa siku. Elfu ishirini na tano ikipotea kwao ni chakula kinachoonekana hakipo mezani. Utaratibu huu unamtaka mtu mwenye akiba kidogo, na ni uongo kusema unamfaa kila mtu.

Wiki zile tulikula vya pwani. Masika ndiyo msimu wetu sisi wa chini: tembele limefunika uwanja, na mlenda umejiotea wenyewe kando ya uzio bila mtu kuulipia. Nilipika mlenda na bamia na nyanya chungu, nikakumbuka kwamba kabla ya matenga haya nilikuwa nakula vizuri pia.

Tenga lililofuata lilikuwa na viazi vidogo, magimbi, vitunguu vya majani, na mafungu mawili ya majani ya maboga kwa kila kaya. Hakuna kabichi hata moja. Binti yangu aliuliza imekwenda wapi.

Mwezi wa saba nilipanda kwenda kuona. Kutoka Morogoro unaikamata barabara ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga, unapita chuo cha Mzumbe, halafu gari linaanza kupanda na linaendelea kupanda mpaka unavaa sweta saa saba mchana. Mama ni mfupi kuliko sauti yake. Shamba ni la ukoo wake. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na mumewe alinikaribisha kwa kusema, "Mimi hapa nimeolewa," wakacheka wote wawili, utani wa miaka mingi. Mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi mpaka juu, na mwenye miguu ya Kimara anapumzika kila baada ya ngazi kumi. Shuleni tulifundishwa kwamba mwaka 1955 Waluguru waligomea kuchimba matuta ya ngazi ya serikali ya kikoloni, ghasia zikazuka. Nikamuuliza mzee, mbona hizi ngazi? Akasema waligomea kulazimishwa, jembe hawakuligomea.

Kutoka shamba la chini kufika barabarani ni kupanda tu, na matenga yanapanda kichwani. Niliomba nibebe moja. Nilipumzika mara tatu. Mara ya tatu mama alinipita akiwa na lake, anaongea na simu.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba tenga letu lina mpango. Viazi na karoti chini, kabichi zikifuata, majani juu, na majani ya mgomba yamelowekwa kwanza ili yapoze. Majani yanakatwa Ijumaa jua likishalala. Na karoti zetu nyingi zina miguu miwili, au zimejisokota kama watu wanaogombana, kwa sababu dalali hazichukui za namna ile. Mimi nilikuwa nadhani mama anatupunja. Zina utamu uleule, na watoto wangu wanazigombania hasa hizo, wanazipa majina.

Pale pembeni kuna mfereji mdogo unaopitisha maji toka mlimani kwenda kwenye ngazi. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayosafishwa pale Mlandizi na kuja kwenye bomba langu la Kimara, siku bomba likiamua kutoa. Kwa hiyo karoti naiosha kwa maji yaliyotoka milima ileile, ila karoti hufika kabla ya maji.

Matenga matupu tunayarudisha Jumatatu kwa basi lilelile, na tangu nilipotoka huko tumeacha kuyarudisha matupu. Kaya ya nne huweka sabuni. Mwingine huweka dagaa wa baharini. Wiki iliyopita nilikuwa nimetoka Muheza, nikaweka nazi sita. Jumatano usiku mama akapiga.

"Baba, nazi nimezipata, ahsante. Nataka niweke kwenye figiri kama ulivyoniambia. Nazikunaje?"

"Kwa mbuzi, mama."

"Mbuzi ninao wanne hapa nje. Nimewauliza, hakuna anayejua kukuna nazi."

Nimenunua mbuzi wa nazi jana, wa mbao, mwenye ulimi wa chuma kizuri. Atapanda Jumatatu ndani ya tenga. Konda nimeshamweleza, na ameshauliza kama mbuzi huyo analipiwa nauli.